Moshi wa Udi Unakopita

Jumamosi, 1 Novemba 2025

Nimeponzwa na samosa. Reena wa ghorofa ya chini – mzaliwa wa Kisumu, mwenyekiti wa wapangaji, mtu asiyekubali kuambiwa hapana – alisema mkutano ni nusu saa tu na samosa iko ya kutosha. Nikaenda. Nimerudi na cheo! Balozi wa mazingira wa jengo zima, mimi Najla, ambaye juzi tu nilitupa maganda ya ndizi kwenye pipa la makaratasi.

Lakini habari yenyewe nzuri. Kaunsili, baraza la mtaa wetu, inataka gesi inayochomwa majumbani ipungue, na majengo makongwe kama letu hapa Wembley yatavalishwa koti. Kuta zinaongezwa unene, madirisha vioo viwili, matundu yote yanazibwa, boila za gesi zinang'olewa na kuwekwa pampu za joto. Sharti lao: nyumba kumi na nane kati ya ishirini na nne zitie saini kabla ya Ijumaa tarehe 14, saa kumi na moja jioni. Tukikosa wanahamia jengo jingine.

Mpaka leo saini kumi.

Tukapewa na karatasi ya mambo ya kufanya wenyewe. Anika nguo kwenye kamba, usitupe chakula, vaa sweta kabla ya kuwasha hita. Nimemsomea Mama. Kauliza, hayo si tulikuwa tunayafanya Unguja bila kaunsili?

Jumatatu, 3 Novemba

Miraji kapiga simu. Kaka yangu huyo ana nyumba mpya Milton Keynes, Januari unakaa na fulana. Anamtaka Mama akaishi kwake kabla baridi haijachachamaa. Mwaka jana kifua kilimlaza hospitali mara mbili, kasema, na kwako ukuta unatoa jasho.

Ukuta kweli unatoa jasho.

Tumepatana hivi: mradi ukipita, Mama anabaki. Usipopita, Jumamosi tarehe 15 anakuja na gari.

Mama alikuwa anasikia kila neno. Kaenda kuongeza soksi. Jozi ya tatu!

Sitaki aende. Basi, nimeshaliandika. Miaka kumi na tisa tunakula sahani moja, mimi na yeye.

Jumatano, 5 Novemba

Balozi kazini! Reena alisema ukitaka kujua upepo unapenya wapi, pitisha kijiti kinachotoa moshi. Kijiti cha nini, na mimi nina chetezo? Nimetoka kazini, nikawasha mkaa, nikatia udi anaoupika Mama, nikaanza na kwetu. Moshi ukipanda wima, salama. Ukipinda, hapo pana tundu. Dirishani kwa Mama ulilala kabisa! King'ora kikalia, Mama kacheka mpaka kakohoa.

Wambui wa namba 9, nesi, kaja mbio kuuliza kama tunaungua. Kuona mambo, kataka nipite na kwake. Halafu wa jirani yake. Nimepita nyumba sita na chetezo mkononi, na kila niliyemwonyesha tundu lake katia saini hapo hapo. Amisha wa namba 14 anasema sebule yake inanukia harusi.

Kumi na sita!

Ijumaa, 7 Novemba

Kumi na saba. Imebaki moja.

Nyumba nne hazina watu, mbili wenyewe wako nje ya nchi na hawajibu. Kabaki nani? Mzee Hamad, juu yetu. Yaani katika binadamu wote wa London!

Mpemba wa Wete, dereva wa basi mstaafu. Miaka minne nyuma, Ijumaa moja, nafukiza nyumba kama kila Ijumaa, kagonga mlango: mnachoma nini huku chini? Nikamwambia hii nyumba yangu, nachoma nitakacho, kama harufu inakukera funga dirisha. Kageuka, kaondoka. Tangu siku hiyo ni salamu kavu kwenye lifti. Muunguja na Mpemba tunanuniana Wembley kwa ajili ya udi!

Nimemtuma Reena.

Jumapili, 9 Novemba

Reena karudi mikono mitupu. Anasema mzee kampa chai, kamsikiliza mpaka mwisho, halafu kauliza swali moja tu: na matundu ya mabomba nayo yatazibwa? Reena kamwambia yote, mzee wangu, yote. Basi, kasema, mimi sitii saini.

Mbishi! Nilijua.

Jumanne, 11 Novemba

Leo nimemalizia jikoni kwetu, chini ya sinki. Nimesogeza chetezo kwenye bomba – moshi wote ukavutwa, ukaingia pembeni ya bomba, ukapotea juu. Na juu ni kwa nani?

Miaka minne namfukiza mzee wa watu ndani ya jiko lake! Alikuwa na haki ya kulalamika, na mimi nikamtolea macho. Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka. Kesho nakwenda kumwomba radhi.

Jumatano, 12 Novemba

Sijaenda.

Alhamisi, 13 Novemba

Sijaenda. Mama kafunga sanduku. Msahafu, kanga, dawa za kifua, kopo la udi. Kalisimamisha mlangoni, kaniuliza chakula cha jioni nini.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimeomba ruhusa kazini. Saa tisa na nusu nimepanda na karatasi yangu. Lifti mbovu, bila shaka. Nikasimama mlangoni kwake, nikayamwaga yote: tundu, moshi, maneno yangu ya siku ile. Nisamehe, mzee wangu, nimekukera miaka minne.

"Kero gani?" kasema.

Siku ile hakuja kulalamika. Wiki ile mkewe alikuwa ametimiza siku arobaini tangu afariki. Kaingia jikoni Ijumaa, kakuta harufu ya udi wa kupika kwa sukari na mawaridi, kama aliokuwa akipika marehemu. Kashuka kuuliza nani kautengeneza. "Nawe ukanambia nifunge dirisha."

Tangu hapo kila Ijumaa akitoka msikitini anaweka kiti karibu na sinki.

"Mkiliziba lile tundu, mwanangu, mie Ijumaa nitaijuaje?"

Nilitamani ngazi zinimeze. Nililia, tena kwa sauti, na mzee wa watu ndiye aliyeniletea kitambaa. Karatasi kaipokea, kaiweka mezani, kalamu juu yake. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Nikamwambia nisubiri, nakuja.

Sasa saa kumi na dakika ishirini. Reena kanitumia meseji nne. Miraji naye anauliza kesho aje saa ngapi. Naandika huku nangoja mkaa ushike, maana nikikaa bure nitapasuka. Mama nimemweleza kwa kifupi. Kafungua sanduku, katoa kopo lake, kauliza mlango wa huyo mzee uko upande gani – miaka yote hii hajawahi kupanda. Nimemwambia Mama, lifti mbovu, ngazi nyingi, kifua chako. Kashavaa buibui. Anahangaika na viatu, havipiti kwenye soksi tatu.

"Lete chetezo," kasema. "Tundu la nini, na mlango upo?"

Mkaa umeshika.