Hadija Tulimzika

Mjomba,

Wamemfufua Hadija.

Najua habari kama hii ungependa uipokee umekaa, ila huko uliko nadhani umelala, basi ipokee hivyo hivyo. Wenye filamu wametoa sehemu mpya ya Mzee Tope, na mle ndani Hadija yupo jikoni kwake, mzima, ana mvi, anakaanga mayai. Hadija uliyemuua wewe mwenyewe kwa maiki, hapa hapa Magamba, katika banda la filamu la Mama Joeli, ulikokuwa ukitutafsiria, ukanyamaza ili watu wapate nafasi ya kumlilia. Nina hasira, mjomba. Tangu tukuzike sijawahi kuwa na hasira tamu kama hii.

Ngoja nikueleze kwa utaratibu, maana hadithi iliyokosa utaratibu ilikuwa inakutia homa.

Banda lipo. Bati la upande wa msituni limebadilishwa, ila ukungu bado unaingia mlangoni bila kulipa. Mama Joeli amenunua projekta, kwa hiyo siku hizi damu ni kubwa zaidi. Kiti chako amekipangia kreti za soda juu yake, nami sijamgombeza, maana kiti kilikuwa chake. Wazee walipogawa nguo zako, koti wakataka kumpa mmoja wa vijana. Nikawaambia vijana kila siku wanajisifu kwamba hawasikii baridi. Ninalo mimi, limenifika magotini.

Vijana wenyewe wana simu. Filamu wanaziona viganjani, wanasoma mitandaoni nani kafa na nani kaokoka kabla hata hawajaanza kutazama. Halafu Jumamosi wanakuja bandani kutazama ile ile. Mama Joeli alidhani wanafuata projekta. Mimi nilikuwa najua wanafuata yale maneno uliyotuachia.

Maana wewe hukuwahi kutafsiri kitu, mjomba. Leo tuseme wazi, hakuna wa kukushitaki. Kiingereza cha filamu za kutisha, ulikuwa ukisema, ni maneno manne: kimbia, tafadhali, hapana, na jina la Mungu. Hayo ulikuwa nayo. Yaliyobaki ulichota kwako.

Unakumbuka Mzee Tope alivyotufikia? Sehemu ya tatu ndiyo iliyotangulia kupanda mlima. Mtu yeyote angesubiri ya kwanza. Wewe ulishika maiki ukasema filamu ni kama msiba: unafika unakuta watu wanalia, unakaa, utauliza baadaye ni nani. Watu wakakaa. Na hakuna aliyeogopa, kusema kweli, kwa sababu muuaji mwenyewe ni mchimba visima mwenye tope usoni, na mwezi wa nne huku kila aliyeteremka shambani na kabichi ana uso huo huo. Ilibidi umpe adabu ndipo watu wamwogope. Ukamfanya abishe hodi. Ukamfanya aseme "Onga mshi" kwanza, asubiri aitikiwe, ndipo aue. Mtu anayekuamkia vizuri kwa Kishambaa huku ana sururu mgongoni, huyo ndiye aliyewanyima watu usingizi.

Shida ilikuja na sehemu ya pili. Ya kwanza inaisha Mzee Tope katupwa kisimani, mawe juu. Ya pili inaanza, huyo anatembea. Mzee Mbaruku, anayetoka msikitini na kuja kukaa benchi la mbele, akasimama. "Kufufuka ni Siku ya Kiyama," akasema, "si sehemu ya pili." Na Mama Joeli, ambaye ni mzee wa kanisa na kwa miaka yote hajawahi kukubaliana na Mzee Mbaruku hata juu ya bei ya kiazi, akasema amina. Banda lote likakugeukia. Nilikuwa pembeni yako, nikishika maiki yangu ya sauti za kike, nikaona jasho likikutoka kwenye baridi ile.

Ukasema: "Huyu si yule. Yule kafa. Huyu ni mpwa wake, karithi jina."

Na hapo ndipo filamu yetu ilipozaliwa, ile ya kwao ikabaki kuwa picha tu. Bandani aliyekufa hafufuki, anarithiwa. Kila sehemu Mzee Tope mpya, mtoto wa dada wa yule aliyetangulia, na kila mmoja anaua kwa sababu ile ile: ukoo haukumaliza matanga. Hawakumwosha marehemu, hawakumsomea, wamemwekea mawe tu wakaenda zao. Watu waliitika kwa vichwa. Hilo walilielewa. Hakuna aliyehitaji maelezo ya kwa nini nyumba ile haipati amani.

Na uliheshimu ulichokisema. Kwa kuwa wa sehemu ya pili alikuwa mpwa, yaani kijana, alipokutana na kikongwe ghalani ilibidi amwamkie. "Shikamoo." Kikongwe akajibu, "Marahaba, mwanangu," ndipo sururu ikashuka. Watu walicheka hadi benchi likavunjika mguu, halafu wakaogopa kuliko mwanzo. Wenye filamu hawajui kwamba mle mna shikamoo. Hasara yao.

Majina nayo uliyapima kama dawa. Mwanamke ukamwita Hadija, mumewe Yohana, jirani Rukia, shemeji Elia, ili wanaokufa wasiwe wa upande mmoja. Mimi nikawa Hadija. Nililia kwa ajili yake, nilikimbia nimekaa, nilimjibu Mzee Tope matusi ambayo mama yangu, dada yako, alikuja kukuuliza nimejifunzia wapi. Sehemu ya nne akafa. Wewe ulizima sauti ya filamu, ukasema, "Hadija katutoka." Mzee Mbaruku akasema Innalillahi. Kesho yake mwanamke mmoja akaniletea bakuli la maharage, anacheka lakini amelileta, akasema, "Pole kwa msiba." Nikalila. Huwezi kukataa chakula cha msiba.

Sasa. Mwezi uliopita Mama Joeli akaniita.

"Zubeda mwanangu, hii mpya imekuja. Nasikia wenyewe wameifuta ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho. Wanasema inayohesabika ni ya kwanza tu na hii. Na sisi tuanze upya, basi. Kuna kijana kutoka Tanga, Baraka, anajua Kiingereza hasa. Atafafanua kilichomo. Watu wameshajua kwamba marehemu mjomba wako alikuwa anatunga."

Nikamwuliza, "Walikuwa hawajui?"

Akasema Baraka atajaribiwa Jumamosi, nami nitakaa naye kwa sauti ya kike, maana Hadija amerudi na Hadija ni mimi. Watu wakimkubali, maiki inakuwa yake, na hadithi zako tunazifunga. Nikakubali kukaa. Mjomba, sikufichi: nilifurahi kidogo. Tangu sehemu ya nne nilikuwa nalilia wapita njia tu. Wamenirudishia kazi, wakaniambia gharama yake ni wewe.

Baraka nilitaka kumchukia, akaninyima nafasi. Ana shikamoo nzuri, ana haya, aliniletea machungwa. Na anajua. Alinikalisha akanieleza mstari kwa mstari, nikagundua kwamba yule Yohana uliyemtilia wosia wa kurasa mbili mdomoni alikuwa anauliza funguo ya gari iko wapi. Nilicheka, nikafuta machozi, sikumwambia ni ya nini.

Jumamosi mchana banda likajaa. Ukungu ulikuwa mlangoni, watu wamejifunika kanga na makoti. Baraka akaanza vizuri, sauti inatulia, kila neno mahali pake. Nyumba. Dirisha. Jiko. Mwanamke mwenye mvi anakaanga mayai.

"Huyu ni Hadija," Baraka akasema, "sasa ni mtu mzima."

Kutoka benchi la mbele, Mzee Mbaruku:

"Hadija yupi?"

"Yule wa sehemu ya kwanza, babu."

"Hadija tulimzika."

"Ile haihesabiwi, babu. Wameifuta."

"Haihesabiwi na nani?" Mzee Mbaruku alishasimama. "Nani amefuta? Nilikuwepo mimi. Nimemwombea!"

"Na maharage yangu?" akadakia yule mwanamke wa bakuli. "Nilipeleka msibani kwa nani? Nirudishiwe!"

Watu wakacheka, ila kilikuwa kicheko chenye meno. Baraka akasema kwa upole kwamba wenye filamu ndio wenye kauli. Mzee Mbaruku akamwuliza kama hao wenye filamu walikuwepo siku ile. Hawakuwepo. "Basi wafute ya kwao," akasema, "msiba wa Magamba wauache." Mmoja wa vijana wa simu akapaza sauti kutoka nyuma kwamba mtandaoni imeandikwa hivyo hivyo, kapona. Akazomewa na vijana wenzake, mjomba. Wenzake wa simu. Hapo nikakukumbuka, nikajifunga koti lako vizuri.

Baraka akasimamisha picha. Hadija akaganda na mwiko mkononi, na banda lote likanigeukia mimi. Nilishafungua mdomo niseme maneno yake. Sauti ilikuwa tayari kooni. Ningesema neno moja tu kama Hadija, angekuwa hai, na wewe ungekuwa mwongo aliyechekesha watu kwa muda kisha akafa.

Kwenye picha, pembeni ya jiko, palikuwa na binti mezani. Kabla picha haijasimama alikuwa ameita, na neno lile hata mimi nalijua, halihitaji Tanga. Ameita mama.

Nikasema kwa sauti yangu mwenyewe: "Mmesikia binti anamwitaje? Amemwita Hadija? Amemwita mama. Na mama mdogo si mama?"

Mjomba, ungesikia pumzi iliyotoka mle ndani.

"Huyu ni mdogo wake Hadija," nikaendelea. "Dada alipofariki, yeye ndiye aliyechukua watoto. Mlitaka walelewe na nani, na kisima?"

Baraka akaninong'oneza, bila ubaya, kwamba sura ni ile ile kabisa. Maiki ikamnasa, ikatangaza. Nikamjibu kwa maiki hiyo hiyo: "Tumbo moja. Ulitaka afanane na polisi?" Akacheka kabla ya mtu yeyote. Akaninong'oneza tena, safari hii akiwa ameziba maiki kwa kiganja, kwamba baada ya muda mfupi mwanamume mmoja atamwita kwa jina lile lile. Nikamwambia asiogope. Mwanamume alipomwita, nikasema ni mkwe mzee aliyechanganyikiwa, kila akimwona anaona marehemu, na mwenyewe amechoka kumsahihisha. Nyuma kuna mtu akasema, "Kama mama yangu na mimi," na sijui alicheka au alilia.

Picha ikaendelea. Baraka akanisogezea maiki yake kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa kitu. Mama Joeli alikuwa mlangoni amekunja mikono. Akazitoa kreti za soda kwenye kiti.

Tumegawana sasa. Baraka ananiambia wamesema nini, mimi naamua kimetokea nini. Ni kijana mzuri, anaanza kuharibika.

Wako wanaosema nimekutetea kwa uongo. Waseme. Kule kwao mtu analipwa kumfuta marehemu na watazamaji wanaambiwa wasahau waliyoyaona kwa macho, halafu mwongo niwe mimi? Wamefuta sehemu nzima nzima, watu wakiwa mle ndani, na hakuna hata mmoja wao aliyesomewa. Wewe hukumwacha mtu bila kaburi. Hata yule mlevi wa sehemu ya tano, anayeonekana mgongo tu, ulimtajia kwao. Hiyo ndiyo ninayoitetea, na nitaitetea dhidi ya kampuni, mtandao, na Kiingereza chenyewe kikibidi.

Wewe pia hutafufuliwa, mjomba. Kuna waliotaka kuniambia kwamba nilipokuwa nasema wamekusikia wewe. Nimewakatalia. Wewe umekufa, arobaini yako imesomwa, wali uliiva vizuri, huna unachodai kwa mtu. Aliyesema ni Zubeda.

Ninakuaga nikiwa na shida moja mkononi. Leo asubuhi bombani nimewakuta wanawake wanagombana, ndoo zimefurika hawaoni. Wanauliza: huyu mama mdogo, mbona kwenye mazishi ya dada yake sehemu ya nne hakuonekana? Dada wa tumbo moja, asije kuzika? Nimesema alikuwa mgonjwa. Wakasema mgonjwa angetuma mtu. Nimesema alikuwa mbali. Wakaniuliza mbali wapi, wakawa wananitazama kama walivyokuwa wakikutazama wewe.

Kwa hiyo lala salama, mjomba wangu. Naahidi mbele ya kaburi lako kwamba hakuna uliyemzika nitakayemwacha afutwe. Na huyu mama mdogo alikuwa na sababu ya kutokuja, mtu hakosi msiba wa dada yake hivi hivi. Niache nikaitafute.

Mpwa wako,
Zubeda