Mashine ya Verlyn Imezima Tena

Jumamosi, 11 Mei

Imezima tena. Pale pale kwenye kishimo karibu na mtaro. Verlyn kawasha, imekwenda kidogo, kimya. Kawasha tena, kimya. Nilikuwa dirishani na sahani mkononi, nikatazama mpaka nikaanza kutukana, nikaona bora nioshe vyombo.

Mashine yenyewe bado mpya. Tuliinunua Agosti, ile ya kukaliwa kama trekta, ikakata majani vizuri mpaka baridi ilipoingia. Ikalala bandani wakati wa theluji, imeamka na kiburi. Mwezi uliopita tuliirudisha dukani, waranti si ipo? Wakakaa nayo, ikarudi na kikaratasi: hakuna tatizo lililoonekana. Haya, basi mwenye tatizo ni mimi.

Orrin, jirani yetu, kaja mpaka mpakani, mikono mfukoni. Kasema, "Verlyn, nikupitishie yangu mara moja? Sina kazi." Verlyn kamjibu, "Kwani nimekufa lini, Orrin?" Wakacheka wote wawili, lakini Orrin hakukaa.

Mtaa huu hakuna anayemkatia mwenzake majani hivi hivi. Tulimkatia jirani Harold alipolazwa hospitali. Tulimkatia mjane wake siku ya mazishi. Mashine ya jirani ikionekana uani kwako, wanawake wa kanisani wanaanza kuwasha majiko ya msiba. Verlyn analijua hilo kuliko mtu yeyote, maana siku zote yeye ndiye wa kwanza kwenda kuwakatia watu.

Tangu astaafu kule kwenye maghala ya mahindi, majani haya ndiyo kitu pekee anachokiita kazi. Mashine itatengenezwa. Nimeamua.

Jumatatu, 13 Mei

Tumeipandisha kwenye tela hadi duka kubwa la barabara kuu. Kijana wa kaunta anaitwa Brent. Tabasamu la kufundishwa. Kasema, "Mama, mara nyingi huwa ni petroli iliyolala." Nikamwambia petroli ni ya Ijumaa. Kasema labda tunakata majani yakiwa na umande. Nikamwambia mume wangu alikuwa anakata majani kabla mama yako hajazaliwa.

Basi kaanza kunieleza. Waranti ipo, haina shida. Ila duka halitengenezi, duka linapeleka kwa fundi. Fundi yuko mji mwingine. Fundi akisema nzima, basi nzima.

"Na ikizima tena?"

"Mnaileta tena, mama."

Nilimpa maneno yake. Watu wa foleni wakawa wanatazama viatu vyao. Verlyn muda wote alikuwa kule kwenye fimbo za kuvulia samaki, anageuza geuza ndoano. Mwisho kaja kunishika kiwiko. "Twende, bibie. Mwache kijana wa watu."

Mwache! Verlyn huyu huyu aliyewahi kurudisha kibaniko cha mkate kilichokwisha kuota kutu, akarudishiwa kipya. Njia nzima nilikuwa najiuliza amepatwa na nini.

Jumapili, 19 Mei

Kabla ya kanisa Verlyn kaniomba msumari na nyundo, atoboe tundu jingine kwenye mkanda wa suruali. Anasema ngozi imelegea. Ngozi za siku hizi, kweli.

Majani yamefunika vifundo vya miguu. Mchungaji kapita na gari polepole mno, shingo imegeukia kwetu. Sikupenda.

Jumatano, 22 Mei

Nimeshindwa kuvumilia. Nimekwenda mwenyewe kwa fundi. Verlyn kaniuliza, "Unakwenda kupeleleza?" Ndiyo, nakwenda kupeleleza. Sijui kukaa na kitu nisichokielewa, kinaniwasha mwilini.

Fundi anaitwa Duane. Jitu la watu. Ovaroli yake tungeweza kuingia mimi na Verlyn na nafasi ikabaki. Gereji imejaa mashine za kila namna, nyingine zimefunguliwa matumbo, na mimi nilifurahi kama mtoto, siwezi kudanganya. Nikauliza kila kitu. Huu mkanda wa nini? Waya huu unakwenda wapi? Duane hakuchoka. Labda huwa hapati wageni.

Kaitoa yetu nje, kaikalia, kiti kikalalamika chini yake. Kaizungusha uwanja mzima, kapanda kijilima, kashuka, kapita juu ya mabonde ya matairi. Haikukohoa hata kidogo.

"Sasa tazama hapa," kasema. Kainua makalio kidogo kwenye kiti. Injini ikakata papo hapo, nikashtuka. Akacheka. Kumbe chini ya kiti kuna swichi. Mtu akianguka au akisimama, mashine inazima ili visu visimle mguu. Isingezima, ndipo angesema ni mbovu. "Hii ni nzima, mama. Sijui huko kwenu mnaifanya nini."

Mimi pia sijui tunaifanya nini. Nimerudi na maswali mengi kuliko niliyokwenda nayo. Lakini nimeifurahia siku yangu.

Ijumaa, 24 Mei

Imerudi. Imezima. Kishimo kile kile, kisha kwenye mizizi ya mti, kisha alipokata kona.

Verlyn hakutukana. Kabaki amekaa juu ya mashine iliyokufa, mikono mapajani, kainama anatazama kiti. Nilimpelekea kahawa. Ilipoa hivyo hivyo mkononi.

Nikampigia Brent. Nimemwambia nataka mashine mpya au nataka bosi wake. Kanipa bosi. Bosi kanipa makao makuu. Makao makuu wana muziki wa filimbi, mrefu huo, halafu binti kaniuliza kama mvua inatosha kwenye viazi vyetu. Viazi! Umechanganya majimbo, huku Iowa ni mahindi, binti yangu. Lakini kaandika malalamiko yote.

Verlyn alinisikia. Kasema, "Unajisumbua, bibie." Nikamwambia usumbufu ni wangu, naupenda.

Jumamosi, 25 Mei

Jambo la ajabu.

Verlyn alikuwa amelala. Siku hizi akila mchana lazima ajinyooshe, zamani hakuwa hivyo. Nikatoka, nikaitazama ile mashine, ikanitazama. Sijawahi kuikalia, ni kiti cha enzi cha mtu. Nikakalia. Nikawasha.

Ikaenda! Nikapita kwenye kishimo, ikaenda. Mizizi, ikaenda. Nimekata nyuma ya nyumba yote. Mistari imepinda, lakini imekatwa. Nikapiga kelele mpaka Verlyn kaamka, katokea mlangoni na soksi.

Nikamwambia, hebu panda wewe. Kapanda. Kwenye kishimo, kimya.

Nikapanda mimi, ikaenda. Yeye, ikazima. Mimi, ikaenda. Nina hakika Orrin alikuwa dirishani anafaidi sinema. Nikamwambia Verlyn, "Haikupendi wewe, ndiyo hivyo." Kacheka kidogo. "Labda una mkono mzuri," kasema, akaingia ndani.

Mkono gani? Nimewaza mambo ya pedali. Nimewaza labda yeye anaendesha kwa kasi. Nimemfanya anionyeshe anavyokanyaga, juu ya kiti cha jikoni. Kakanyaga kama mtu wa kawaida tu. Kuna kitu hapa, kiko karibu, sikioni.

Jumanne, 28 Mei

Imepona!

Verlyn kakata mbele, nyuma, pembeni, mpaka ule ukanda wa kando ya barabara. Haikuzima hata mara moja. Mistari imenyooka kama alivyozoea. Mchungaji kapita, kapiga honi. Orrin kaja mpakani: "Lavonne, naona umelishinda duka." Nikajisikia mtu.

Ila Verlyn alikata amevaa koti lake la kuwindia. Joto lote hili, zipu hadi kidevuni. Nikamuuliza. Kasema upepo. Upepo uko wapi? Kitambaa cha meza nilichokianika kilikuwa kimetulia tuli.

Jioni Brent kapiga simu mwenyewe. Makao makuu wamekubali. Jumamosi lori linaleta mashine mpya na kuchukua ya zamani. Nilikaribia kucheza. Nikampasha habari Verlyn, kasema, "Ya nini tena? Hii si imepona?"

Nimefurahi, lakini sijaelewa. Kitu kisumbue wiki zote hizo, halafu kijiponye chenyewe bila fundi? Sikubali.

Alhamisi, 30 Mei

Nilitaka kulifua lile koti. Lilikuwa limetundikwa kwenye mlango wa ngazi za chini, linanuka jasho na petroli. Nikalinyanyua. Likaniponyoka, likaanguka kwa kishindo.

Chubwi. Vile vipande vizito vya madini ya risasi vya kuzamishia ndoano za kambare, anavyoviyeyusha na kuvimimina mwenyewe wakati wa theluji. Zimejaa mifuko yote. Hata ule mfuko mkubwa wa mgongoni wa kutilia ndege waliopigwa. Mfuko mmoja ulikuwa umechanika kwa uzito, kaushona mwenyewe kwa uzi wa kuvulia. Mtu ambaye hata kifungo huniletea mimi.

Nikakaa kwenye ngazi. Nikamkumbuka Duane, jitu lile, anavyoinua makalio na injini inakata.

Mashine haijawahi kuharibika. Verlyn amekuwa mwepesi, mwepesi kuliko mimi. Kila ikirukaruka kwenye kishimo inadhani mtu ameanguka, inazima ili isimkate.

Na yeye anajua. Tangu lini, sijui. Kaniacha nigombane na Brent mbele ya watu, niende mpaka mji mwingine, niimbiwe filimbi na makao makuu, kuliko kuniambia neno moja. Ule mkanda. Ule usingizi wa mchana. Chakula anachokisukuma ukingoni mwa sahani. Ovaroli zake zilikuwa pana siku zote, ningejuaje? Ningejua. Nimekagua waya za mashine, mtu ninayelala naye sikumtazama.

Nimemkasirikia sana. Naogopa sana. Nashindwa hata kuandika vizuri.

Sikulifua koti. Nimezirudisha chubwi zote mifukoni, nikalitundika lilivyokuwa. Mezani nikamwongezea viazi na nyama bila kumuuliza. Kaitazama sahani, kanitazama mimi, kisha kautazama mlango wenye koti. Nilitaka kusema. Nikamwomba anipitishie chumvi.

Ijumaa, 31 Mei

Naandika jikoni, simu nimeibana begani. Kliniki wameniweka kwenye muziki. Filimbi zile zile, naapa.

Verlyn yuko nje anakata. Hakuna cha kukata, majani yamekatwa Jumanne tu. Anakata hivyo hivyo.

Asubuhi alikuwa anavaa koti pale mlangoni, mkono wa pili ukamshinda. Nikamshikia. Lilikuwa zito, nami sikujifanya halikuwa zito. Kajua. Kasema, "Asante, bibie," akabaki kanipa mgongo, mkono wangu bado umeshika kola. Shingo yake ni nyembamba. Niliishika kwa vidole nikaiacha.

Kisha kasema, "Ngoja kwanza nimalize majani."

Nikasema sawa. Mlango ulipofungwa nikachukua simu.

Kesho lori linaleta ile mpya. Nilivyoipigania! Nayo itakuwa na swichi chini ya kiti.

Orrin katoka bandani kwake na mashine yake, kaizima, kaegemea. Hakati. Anamtazama Verlyn, anatazama lile koti kwenye jua hili. Orrin si mjinga. Ningekuwa na mkono wa tatu ningemwashiria arudi ndani.

Filimbi zimekatika. Ni muuguzi. Kauliza jina la mgonjwa, nimesema. Mwaka wa kuzaliwa, nimesema. Shida ni nini, nimesema amepungua. Tangu lini? Nimesema sijui, nikarudia, sijui. Kaniambia polepole, mama, hakuna haraka. Kauliza sasa hivi ana uzito gani.

Verlyn amefika kwenye kishimo. Amepita. Haijazima. Kageuza mwisho wa ua, kaniona dirishani, kanipungia mkono. Nami nimempungia.

"Mama? Bado upo?"

Nimemwambia nipo, anisubiri kidogo, mume wangu bado yuko kwenye mashine.