Zabibu za Abdulwakil

Ilford, 27 Septemba 1998

Mdogo wangu Mardhiya,

Sisi wazima, ila baridi imeanza mapema. Eda yangu imekwisha, na Jumapili iliyopita mwanangu Sheikha alinitoa kwa gari mpaka mji mdogo wa mashamba ya mizabibu, huko Kent. Ungeupenda. Vichochoro vyake vyembamba kama vya Mji Mkongwe, nyumba za zamani zimeinamiana kama zinanong'onezana, na maua kila dirishani. Wageni huzunguka wakionja mvinyo. Mzee mwenye shamba alininyooshea gilasi, nikamwambia, "Mimi nipe zabibu kabla hujaziharibu." Alicheka sana, akanijazia kikapu bure.

Zilikuwa tamu, nikamwekea Abdulwakil kichala kimoja. Unamjua shemeji yako, mtu akirudi safari humuuliza kaleta nini. Tulipofika nyumbani nikasimama mlangoni, nikapiga hodi. Sheikha akacheka, akasema kwa Kiingereza chake, "Mama, ufunguo unao wewe!" Kisha akanishika mkono.

Unaniandikia nirudi Wete. Nyumba ipo, najua, na wewe upo. Lakini mwenzangu niliyekimbia naye baada ya mapinduzi kazikwa huku, na nikiondoka nani atamzuru? Sheikha ana kazi zake. Sirudi, mdogo wangu. Usinikasirikie.

Mkimsomea Yasini usiku wa kuamkia Ijumaa, likitajwa jina lake, litajeni na langu.

Dada yako,
Zuwena