Dakika mia saba na ishirini za kuzunguka maziwa ya Singida

Singida mjini, Jumamosi ya Agosti. Upepo umeanza alfajiri na mpaka sasa haujapumzika. Bati la jirani linagonga kama mtu anayedai kufunguliwa mlango. Mgongo unauma, nina vumbi hadi masikioni, na nina furaha ambayo sikuwa nimeitengea muda.

Nianze mwanzo. Wiki ijayo kaka yangu Yona anapita hapa na mkewe na watoto wawili, wakitoka Dar es Salaam kwenda Mwanza kwa wakwe zake. Safari hii watapumzika mjini siku moja nzima, kwenye nyumba ya wageni karibu na ziwa Singidani, na ameniomba niwatembeze. Kisha akacheka kwenye simu: "Lakini mdogo wangu, Singida siku nzima tutaona nini? Mawe na upepo?"

Sikucheka.

Mimi ni mtu wa hesabu. Nilianza kwa kuuza vitunguu kandokando ya barabara, leo nina mashine yangu ya kukamua alizeti, na sikufika hapa kwa kubahatisha. Nikachukua karatasi. Jua letu linatoka saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili: dakika mia saba na ishirini. Humo nikapanga maziwa matatu, yaani Kindai na Singidani hapa mjini, halafu Kitangiri kule chini Iramba. Nilitaka ikifika jioni Yona akose neno. Na kwa kuwa siamini ratiba ambayo haijapimwa, leo nimeiendesha njia nzima peke yangu, jicho moja kwenye saa.

Basi niseme ukweli: jicho hilo la saa lilinishinda.

Singidani naiona kila siku nikienda kazini, na labda ndiyo sababu sikuwa nimeitazama miaka. Leo nilisimama. Jua lilikuwa bado chini, yale mawe makubwa ya ukingoni yana rangi ya mkate uliotoka jikoni, na ndege heroe wamejipanga kwenye maji ya chumvi, mamia, mguu mmoja mmoja, wekundu wao ukitetemeka majini. Nilijipa dakika kumi. Nilikaa thelathini na tano.

Kutoka mjini hadi Misigiri, dakika hamsini na tano, lami safi. Baada ya hapo nchi inakatika ghafla. Ukianza kushuka mlima Sekenke, kona baada ya kona, mbuga ya Wembere inafunguka chini yako, tambarare mpaka macho yanachoka, na malori yanayopanda yanaonekana kama siafu wamebeba punje. Nilipita hapo mara nyingi nikiwa juu ya magunia, nikiwaza bei. Sikumbuki hata mara moja niliyoinua kichwa.

Kushuka mpaka Shelui, dakika thelathini na tano. Kisha unaiacha lami, vumbi na mashimo dakika hamsini mpaka Tulya, na ziwa hilo hapo.

Nina miaka arobaini na sita, nimekula samaki wa Kitangiri tangu sina meno, na leo ndiyo mara ya kwanza kuliona ziwa lenyewe. Nilidhani ni bwawa kubwa. Ni bahari ndogo iliyopotea njia. Matete yanalala upande mmoja upepo ukipita, mitumbwi imepinduliwa kifudifudi ufukweni, kina mama wanageuza perege juani na kutaniana kwa Kinyiramba, na juu ya yote hayo ukuta wa milima niliyotoka kuishuka, umekaa kimya, wa buluu. Mama mmoja aliniuliza nimepoteza nini, maana nimesimama muda mrefu. Nikamwambia sijapoteza, nimepata. Akacheka, akaniuzia samaki.

Nikarudi nyumbani na hesabu iliyokaa sawa. Njia kwenda na kurudi, mia mbili na themanini. Kindai arobaini, Singidani sitini, Kitangiri mia na themanini, chakula hotelini Shelui sitini. Zinabaki dakika mia moja za dharura. Niliitazama ile karatasi kama mtu anayetazama nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Saa kumi na moja jioni simu ikaita. Shangazi yangu wa Misigiri.

Nyumba yake iko barabarani kabisa. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za nyumba, za mashine, za kuku. Hakuharakisha. Ndipo akasema, "Asubuhi nimeona kigari cha bluu kinapita, nikabandika maji ya ugali. Mchana kimerudi, kimepita tena. Nikasema labda mwanangu amebeba mgonjwa."

Sikuwa na mgonjwa.

Huku kwetu gari la ndugu halipiti mbele ya mlango bila kusimama, isipokuwa kwa mgonjwa au msiba. Najua hilo kuliko jina langu. Na napenda kusema hakuna aliyenishika mkono, ila vile vitunguu vya mwanzo nililala navyo chumbani kwa huyu shangazi, miezi minane. Leo nimempita mara mbili kwa sababu hakuwa kwenye karatasi.

Sasa niandike ambalo sijawahi kuliandika hapa. Miaka minne iliyopita Yona alipita Singida kwenda huko huko Mwanza. Sikujua. Niliona picha ya wanawe wakila kuku stendi, mita mia nne kutoka mlangoni kwangu. Miaka minne nimelibeba hilo, nikimwitikia simu vizuri, nikisubiri aseme mwenyewe. Kumbe labda naye alikuwa na karatasi.

Nimeirudia hesabu. Kuku wa shangazi, kuanzia kukimbizwa hadi kunawa mikono, hapungui dakika mia na hamsini. Nilizo nazo ni mia. Lakini ukishakula kwa shangazi huhitaji hoteli ya Shelui, kwa hiyo sitini zinarudi. Imetosha, zinabaki kumi. Nimempigia: Jumamosi, saa nane na nusu mchana, tuko wanne na watoto wawili, kwani na wewe unakaa mezani. Amesema jogoo wa kuchinja siku hiyo tayari anamjua.

Ndipo nikaona tobo lingine. Kwenye ratiba nzima niliandika "kuwachukua getini, nyumba ya wageni". Mimi mwenyewe, ninayelalamika kupitwa, sikuiweka nyumba yangu.

Nimeifuta Kindai. Itanisamehe, iko hapa hapa. Juu kabisa nimeandika: saa kumi na mbili asubuhi, chai na viazi kwangu, dakika arobaini.

Zile kumi bado zipo. Zinatosha kukaa na kaka yangu juu ya jiwe pale Singidani, watoto wakihesabu ndege, nami nimuulize kwa nini alinipita.