Vitanda vya Kwenye Tamthilia na Kitanda Changu

Ijumaa, mwezi wa nane. Joto la leo ni lile la kunata. Ukifungua dirisha unapigwa na mvuke, ukilifunga AC inanguruma kama trekta. Moyo wangu nao hautulii. Jumanne nasafiri kwenda nyumbani.

Nilidhani siku hii nitaandika kwa furaha. Sanduku limefungwa, zawadi ziko ndani, na wenzangu wa chumba hapa Satwa, huku ughaibuni, wananiita bibi harusi. Lakini tangu wiki ianze, chakula hakipiti.

Namwogopa mume wangu.

Si kwamba ni mkali. Baba Kevo hajawahi kunipandishia sauti. Ni kwamba nimemaliza mikataba miwili ya kazi bila kurudi, na mtu ukimwona kwenye simu tu, kuanzia kifuani kwenda juu, mengine unayasahau. Na yeye kanisahau hivyo hivyo. Niliondoka nikiwa na kiuno, narudi na tumbo la wali na miguu ya kuvimba. Tena sijui kama muda wote huo amekuwa akilala peke yake.

Hilo ndilo lenyewe. Basi, nimeliandika.

Salma, anayelala kitanda cha juu yangu, ni wa Unguja na haoni haya. Juzi nilimwambia vile naogopa, akaniuliza, "Kwani nyie wabara mkiolewa hamfundwi?"

"Tulifundwa kupalilia mahindi," nikamjibu.

Alicheka mpaka kitanda kikalia. Ndipo akanipa tableti yake yenye tamthilia ya mambo ya chumbani, sehemu sita, kila sehemu na hadithi yake na watu wake. "Tazama, shoga, mwili uamke. Usije ukamwendea mumeo kama mgeni wa ubalozi."

Leo nimetoka kanisani, maana huku tunasali Ijumaa, nikavuta pazia la kitanda changu, nikavaa vya masikioni. Mungu anajua. Wanangu hawaujui ukurasa huu, na wasiujue.

Sehemu ya kwanza ni maharusi, jumba kubwa, mishumaa mpaka sakafuni. Wenyewe wanabusiana, mimi macho yangu yako kwenye pazia, naona litashika moto. Halafu wanapakana mafuta juu ya shuka nyeupe! Kazi yangu ni kusafisha vyumba katika hoteli moja kule Al Jaddaf, na nakuambia mafuta yale hayatoki kirahisi. Sikuona mapenzi hapo. Niliona kufua.

Ya pili ni madam tajiri na dereva wake. Hiyo ilinikasirisha. Dereva anatabasamu muda wote, na hakuna anayemuuliza kama anaweza kukataa. Sisi tunaokula kwa mikono ya watu tunajua. Nikaikata katikati, khalas, basi.

Nikabonyeza vibaya, ikaanza ya nne. Ni wazee wawili. Hawafanyi lolote la kuwafichia watoto. Mzee anapasha maji, anamkata mkewe kucha za miguu kwa sababu bibi hawezi tena kuinama. Akimaliza, haachii ule mguu. Anaushika tu. Aki, hiyo ndiyo ilinipandisha joto shingoni. Salma anasema ndiyo mbaya kuliko zote, eti hakuna hata busu. Hatutaelewana.

Ingekuwa vizuri ningeishia hapo. Nikarudi kwenye ya tatu.

Ya tatu mwanamke anarudi kutoka safari ndefu ya kazi. Mume amempikia, amempokea mkoba, ni mpole mpaka unashuku. Mwanamke anaingia chumbani kuvua viatu, kamera inapita juu ya kitanda kisichotandikwa. Yeye hakuona kitu. Mimi niliona. Shuka zimekunjika pande zote mbili, mito yote miwili imebonyea.

Kitanda hakijui kudanganya. Nikifungua chumba cha mgeni asubuhi, najua. Waliolala wawili huacha alama mbili pembeni. Waliogombana huacha katikati panapoweza kupita gari. Aliyelala peke yake, hata kitanda kiwe kipana kama uwanja, mwishowe huishia katikati.

Nikazima. Ya tano na ya sita zina nini, sijui wala sitaki kujua.

Nikamrekodia Baba Kevo ujumbe wa sauti. Nikaufuta. Nikarekodi mwingine, nikaufuta. Ule niliotuma ulisema tu, "Baba Kevo, nimezeeka kidogo na nimenenepa, usishtuke. Kuna jambo unataka kuniambia kabla sijapanda ndege?"

Akausikiliza. Nikaona ameusikiliza. 

Niliosha vyombo vya chumba kizima, hata vya yule ambaye hatusemezani.

Jibu lilikuja jua likizama. Sauti yake, na kuku wakigombana nyuma. "Mama Kevo, jambo lipo. Na usinicheke."

Nikakaa kitako sakafuni.

"Hili godoro letu limebonyea katikati. Nimelianika juani, nimeligeuza, wapi! Tangu Jumapili najizoesha kulala upande wa ukutani, nikuachie upande wako. Lakini kila nikiamka niko katikati, mikono nimeitandaza kama mtu anayeogelea. Naogopa nitakusukuma uanguke. Sasa utanivumilia, ama nitafute godoro lingine?"

Salma akachungulia kutoka juu. "Umefiwa?"

Nilitikisa kichwa.  Baba Kevo hajui alichoniambia, maskini. Anadhani ameniambia habari za godoro.

Nikamjibu maneno matatu: "Usibadilishe godoro, tafadhali." Kisha nikarudia kumsikiliza, yeye na kuku wake.

Woga haujaisha, nisijidanganye. Kitanda changu hapa kina ukuta upande mmoja na chuma upande mwingine, na mimi nimelala ndani yake nimenyooka kama kijiko kwenye droo, mpaka nimesahau mtu hugeukaje akiwa na mwenzake. Tumbo bado ni lile lile. Miguu ndiyo hiyo.

Lakini leo nimekula. Na ninajiuliza swali dogo, la kuniliwaza mpaka Jumanne: godoro likiwa na bonde katikati, watu wawili wazito wataangukia wapi?