Sifuri za Mama

Kaka Shafiq,

Salaam nyingi kutoka Sylhet, mafenesi yameiva. Habari za msiba wa Baba ulizipata kwa simu, ila hili hukuambiwa.

Mwalimu Farzana hufundisha wanawake Kiingereza barazani kwetu. Sheria yake ni moja: hakuna "yeye" bila jina la kutangulia, na viwili hivyo vikubaliane. Mama kila siku aliandika tu, "Yeye anapenda samaki."

"Yeye nani, mama?" mwalimu humuuliza.

"Mke akimtaja mumewe kwa jina anampunguzia umri. Nipe sifuri yangu!"

Na sifuri alizipokea kwa maringo, mwanamke yule! Nani anapenda hivyo siku hizi?

Juzi mwalimu alipokuja kutupa pole, Mama alimshika mkono.

"Motaleb alipenda samaki," akasema, akilitaja jina la Baba kwa mara ya kwanza. "Yeye alipenda samaki. Haya, nipe maksi zangu."

Mdogo wako,
Rehnuma