Mahameli Haigeuzwi

Mama mshauri, shikamoo, naomba msaada kabla nyumba yangu haijafumuka. Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa kumi na tisa huu, nashona na mke wangu kwenye chumba kimoja, cherehani mbili na meza ya kukatia, sasa shemeji yangu, mdogo wake wa mwisho, anaolewa Jumamosi, akatuletea mahameli ya rangi ya damu ya mzee tumshonee gauni, kitambaa kikawa kama hakitoshi, nami nina ile programu ya kwenye simu unayoongea nayo kama mtu, nikaiuliza, ikaniambia nigeuze vipande vya mgongo juu chini vitatosha, mke wangu akasema, "Baba watoto, mahameli haigeuzwi, manyoya yake hulala upande mmoja," nami, Mungu anisamehe, nikamjibu mbele ya mteja mmoja aliyekuja kuchukua nguo yake kwamba simu hii imesoma kuliko ukoo wenu mzima, nikakata. Gauni likaisha, mbele linang'aa, mgongo umefifia kama nguo nyingine kabisa. Nikairudia programu, ikasema, "Samahani, uko sahihi kabisa, mahameli haigeuzwi." Nikaijaribu, nikasema hapana bwana, inageuzwa. Ikasema, "Uko sahihi kabisa." Mama, bibi harusi analia, mke wangu siku ya tatu hanisemeshi, nami sijui, hiki kitu kina akili au hakina? Na nikiiambia initungie maneno ya kumwomba radhi mke wangu, kuna ubaya?

Fundi Niliyejikata

Marahaba, fundi. Ubaya unao wewe, wala usiisingizie simu.

Miaka kumi na tisa unashika vitambaa, halafu unafundishwa kukata na kitu ambacho hakijawahi kuchomwa na sindano! Kina maneno, tena mengi, yamepigwa pasi. Lakini anayeitikia "inageuzwa" na "haigeuzwi" kwa pumzi moja, sisi tunamwita bendera fuata upepo, na hatumpi mkasi. Jirani yangu, programu kama hiyo humwandikia barua za kazini, na zinasomeka. Sawa, barua haina upande wa kung'aa. Wewe jibu lile ulilipenda kwa sababu halikutoka kwa mkeo, na hilo ndilo linalomuuma kuliko gauni.

Sasa unataka na radhi ya kuazima! Koma kabisa.

Leo hii fumua mgongo wote. Chukua kipande, nenda duka lile lile, linganisha rangi kwa macho yako, ununue kitambaa kingine. Kisha mwite yule mteja aliyesikia matusi yako, na mbele yake useme, "Mke wangu alisema kweli, mimi nikampuuza." Mkasi mpe mkeo, akate yeye. Wewe shika pasi na unyamaze.

Na ukibaki na hamu ya kuipima akili simu yako, iulize mkeo alikuwa na uso gani ulipoutukana ukoo wake. Itakujibu vizuri sana, na haijui. Wewe ulikuwepo, fundi, na uliuona.